UZI: Taa ya juu ya mlingoti imefifia na ya katikati imekufa kabisa kwenye boti ya matanga ya zamani. Tuanzie wapi?

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Nina boti ya matanga yenye urefu wa mita 10, ya zamani kiasi kwamba nyaya zake nyingi bado ni zilezile zilizotoka nazo kiwandani, na mlingoti wake wa alumini una kimo cha mita 13 kutoka sitahani. Juu kabisa kuna taa ya rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na nyeupe ndani ya kikombe kimoja, na juu yake taa ya nanga. Katikati ya mlingoti, upande wa mbele, kuna taa nyeupe inayowashwa boti inapokwenda kwa injini.

Hali ilivyo ni kwamba taa ya rangi tatu inawaka kinyonge kama kibatari, ya nanga huwaka siku inayotaka yenyewe, na ile ya katikati haiwaki kabisa. Balbu nimeshabadilisha mara tatu. Safari ya mwisho nilipanda na multimita, nikachomoa balbu ya rangi tatu na kugusisha ncha za mita kwenye holda, nikapata volti 12.5 wakati betri ilikuwa inasoma 12.6. Kwa kipimo hicho nimeona umeme unafika vizuri, kwa hiyo tatizo ni taa zenyewe, na ninajiandaa kununua mpya zote tatu. Kabla sijafanya hivyo naomba mawazo ya waliowahi kupitia jambo hili.

#2 Foromali

Mkuu, usinunue chochote kwanza, kwa sababu kipimo ulichokichukua hakikuambii ulichodhani kimekuambia. Ulipochomoa balbu uliondoa mzigo, na multimita yenyewe hunyonya umeme kidogo mno, karibu na sufuri. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima kati ya ishirini, au plagi iliyojaa kutu ya kijani, inaweza kupitisha kiasi hicho kidogo bila kupoteza kitu, na mita ikakuonyesha volti zote. Ni sawa na mpira wa maji uliokanyagwa: ukiwa umefungwa mwishoni, presha inajaa kama kawaida, lakini ukiufungua ndipo unapoona maji yanatoka kwa kudondoka.

Rudisha balbu, iwashe, kisha pima kwenye ncha za holda ikiwa inawaka. Hicho ndicho kipimo cha kweli. Baada ya hapo shuka hatua kwa hatua, kila kiungo ukikipima upande wa kuingia na upande wa kutokea huku taa ikiendelea kuwaka. Kiungo kizima hakionyeshi tofauti yoyote ya maana kati ya pande zake mbili, na kilichooza kitajitaja chenyewe. Usisahau upande wa hasi, ambao watu wengi huupita kana kwamba haupo, ilhali umeme unaokwenda kwa waya chanya lazima urudi kwa waya hasi, na kutu haichagui.

Ili ujue nini utarajie, hesabu ya upotevu kwenye waya wenyewe ni nyepesi. Chukua 0.0175, ambayo ni ukinzani wa shaba, zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, gawanya kwa unene wa shaba kwa milimita za mraba, halafu zidisha kwa ampea. Balbu ya wati 25 kwenye volti 12 inachukua takriban ampea 2.1. Kama kutoka betri hadi juu ni mita 20, basi kwenda na kurudi ni mita 40, na kwa waya wa milimita 1.5 za mraba utapoteza karibu volti 1, yaani asilimia 8, hata kama kila kiungo ni kipya. Viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, vinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa taa za usafiri. Balbu ya uzi nayo haina huruma: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Jambo moja kabla hujapanda tena. Kaa kwenye kiti cha kupandia ukiwa umefungwa kwa jarari mbili, yaani kamba za kupandishia matanga, moja ya kukuinua na nyingine ya akiba, kila moja na mtu wake au winchi yake. Zifunge kwa fundo, wala usitegemee ndoano za kufyatua. Kila kifaa ulichobeba kifungiwe uzi, na asisimame mtu chini yako. Bisibisi iliyoanguka kutoka mita 13 haitofautishi sitaha na kichwa.

#3 Mleta mada

Ahsante, mkuu. Nimefanya kama ulivyoelekeza, na nakiri kwamba matokeo yamenitia aibu kidogo.

Balbu ikiwa inawaka, holda ya juu inasoma volti 9.4 tu. Betri wakati huohuo ilikuwa 12.5. Niliposhuka hadi kwenye plagi ya sitaha, ile iliyo chini ya mlingoti ambako nyaya zinaingia ndani ya boti, nikapima upande wa juu na upande wa chini wa plagi, nikakuta tofauti ya volti 1.6 kwenye plagi peke yake. Kwenye bamba la hasi nyuma ya paneli ya swichi nako kulikuwa na 0.5. Plagi yenyewe ilikuwa ya moto mkononi, na plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini mbili.

Ile taa ya katikati haikuwa na chochote, si chanya wala hasi.

#4 Ngama

Hesabu zako zinakubaliana vizuri. Kwa volti 9.4 balbu inavuta karibu ampea 1.8, kwa hiyo waya unapoteza kama 0.85, plagi 1.6, bamba la hasi 0.5, na kilichobaki kimetawanyika kwenye swichi, fyuzi na holda. Joto ulilolisikia mkononi ni volti hizo 1.6 mara ampea 1.8, yaani karibu wati 3 zinazochemshia plagi badala ya kuwasha taa. Na kwa volti 9.4 mwanga wako ulikuwa chini ya nusu ya ule balbu ilioahidi, kwa hiyo kibatari ulichokitaja hakikuwa cha kutia chumvi.

Plagi za sitaha mimi nimezikataa kabisa. Zimewekwa mahali pabaya kuliko pote kwenye boti, pale maji ya mvua yanaposhuka kwa mlingoti na mawimbi yanapopanda kutoka omo, yaani mbele ya boti, na zinatarajiwa zikae kavu kwa kutegemea mpira mwembamba uliokwisha kukakamaa. Afadhali nyaya zipite sitahani bila kukatwa, ndani ya bomba lililopindwa shingo kama ya bata ili mdomo wake utazame chini, kisha ziunganishwe ndani kwenye boksi lenye konekta, mahali pakavu unapoweza kufika ukiwa umeketi. Waya uache ulegee kidogo na kufanya tumbo kabla haujaingia kwenye boksi, ili maji yanayofuata waya yadondokee hapo badala ya kuingia kwenye skrubu.

Kuhusu taa ya katikati, nina shaka kubwa na tundu ambalo waya unatokea kwenye mlingoti. Kiwandani hutobolewa, na mara nyingi kingo haziwekewi pete ya mpira. Waya unacheza ndani kila boti inapoyumba, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, na kingo za alumini ni kisu.

#5 Mleta mada

Umelenga palepale. Nilivuta waya kidogo kutoka kwenye tundu ukaja mkononi, umekatika kama uliosagwa. Shaba yake ilikuwa nyeusi kabisa, na nilipomenya ganda kwa sentimita 30 zaidi bado ilikuwa nyeusi.

Swali langu sasa: niushushe mlingoti kwa kreni, au nifanye yote ukiwa umesimama?

#6 Tanga Mbele

Binafsi ningeuacha umesimama. Kushusha mlingoti ni kulegeza kila waya unaoushikilia, kukodi kreni, na kuanza upya kuunyoosha baadaye. Mimi nilivuta nyaya mpya kwa kutumia za zamani kama kamba ya kuvutia, mtu mmoja juu na mwingine chini, na kazi iliisha kwa siku moja.

#7 Foromali

Hilo linawezekana, lakini kwa sharti ambalo ndugu Tanga Mbele amelipita haraka: nyaya za zamani ziwe huru ndani ya mlingoti. Kuna milingoti ambayo nyaya zake zimepita kwenye bomba la plastiki lililobanwa ukutani kwa ribiti, mingine zimefungiwa vipande vya sponji, na mingine zimeachwa zining'inie tu. Jaribio lake ni kuvuta waya kwa juu sentimita 10 na kuangalia kama ncha ya chini imesogea kwa kiasi hichohicho. Ikisogea, una bahati. Isiposogea, usiongeze nguvu, kwa maana waya mweusi wa namna uliyoieleza hukatika katikati, na ukikatika umepoteza njia ya pekee uliyokuwa nayo.

Kwa hali ya mleta mada mimi nashauri ushushwe, na sababu si taa peke yake. Waya wa antena ya redio una umri uleule, viungo vya waya za kushikilia mlingoti hatujui viko katika hali gani, na shaba iliyokuwa nyeusi sentimita 30 ndani ya ganda haina mahali pa kusema hapa ndipo uzima unapoanzia. Kuunga kipande kipya kwenye shaba ya namna hiyo ni kushona kiraka kwenye nguo iliyooza.

Nyaya mpya ziwe za shaba iliyopakwa bati, zenye nyuzi nyembamba nyingi. Bati linazuia ule weusi usitambae ndani ya ganda. Kila taa ipewe chanya yake, na hasi isiwe mwili wa mlingoti hata kama alumini inapitisha umeme. Ukiugeuza mlingoti kuwa waya wa kurudishia, umeualika umeme uile alumini yako kila penye unyevu na chumvi. Unapounga kamba ya kuvutia na nyaya mpya, zipange kwa kupishana, moja mbele ya nyingine, ili fundo liwe jembamba kama mkia wa panya, na ulizungushie tepu laini. Vuta pamoja na nyaya hizo kamba moja ya ziada na uiache humo ndani.

Kama hakuna bomba, nyaya zitagonga ukuta wa mlingoti usiku kucha hadi ujutie kulala ndani ya boti. Dawa ya zamani ni kufunga vibanio vitatu vya plastiki mahali pamoja, mikia yake ikiachwa mirefu na kuelekezwa pande tatu tofauti, na kurudia hivyo kila nusu mita. Tahadhari: ikiwa jarari zako nazo zinapita ndani ya mlingoti, mikia hiyo itazikwaza, na hapo bomba ndilo jibu. Vilevile juu kabisa nyaya zifungwe kwenye kitu imara, kwa sababu mita 13 za waya zina uzito, na uzito huo hautakiwi kuning'inia kwenye skrubu ya taa.

#8 Mleta mada

Nimekubali, mlingoti utashushwa. Viungo nilikusudia kuvilehemu, maana lehemu nazijua vizuri.

#9 Ngama

Lehemu ni nzuri kwenye redio iliyotulia mezani. Kwenye mlingoti risasi hunyonywa na nyuzi za waya na kuzifanya ngumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia na ulaini unapoanzia ndipo mtikisiko unapokatia. Tumia lagi, yaani vichwa vya metali vya ncha za waya, zinazobanwa kwa koleo lake maalumu, lile linalohesabu mbano na kukataa kuachia kabla haujakamilika, wala si koleo la kawaida la kuminyaminya. Juu yake vuta mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, ule wenye gundi ndani, na uupashe moto hadi gundi ichungulie pande zote mbili. Kisha uvute waya kwa mkono kwa nguvu. Ukichomoka mezani, shukuru kwamba haujachomokea juu.

Na silikoni ya kuzibia matundu ikiwa inanuka siki, irudishe ulikoitoa. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hiyo inakula shaba. Ipo isiyo na asidi. Chini ya kikombe cha taa usizibe kabisa, acha kitundu kidogo cha kutolea maji, kwa sababu unyevu utaingia upende usipende.

#10 Tanga Mbele

Kwa kuwa mlingoti unashuka, weka balbu za LED kwenye vikombe hivyohivyo vya zamani, umalize. Utapunguza matumizi ya umeme mara nane au zaidi, na zile hesabu za unene wa waya zitakosa maana.

#11 Foromali

Kuhusu matumizi ya umeme uko sahihi. Kuhusu vikombe vya zamani hapana, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea wakiwa na nia njema.

Taa ya rangi tatu ya zamani imesanifiwa kwa balbu yenye uzi mmoja uliosimama wima katikati kabisa ya kikombe. Uzi huo ni mwembamba, kwa hiyo mpaka kati ya nyekundu na kijani unakatika kwa usahihi, boti iliyo mbele yako ikaona rangi moja na kuelewa unaelekea wapi. Balbu ya LED ya kubadilishia ina vipande vingi vya mwanga vimezunguka kijiti kinene, na mipaka inachanganyika. Mtu aliye mbele anaweza kuona nyekundu na kijani kwa pamoja katika pembe pana kuliko inavyotakiwa. Zaidi ya hapo, LED nyeupe ya baridi ina ubluu mwingi na wekundu mchache. Ikipita kwenye lenzi ya kijani hutoka kama samawati, na ikipita kwenye nyekundu hufifia. Taa iliyopata kibali ni kikombe na balbu yake kwa pamoja, na ukibadilisha kimoja kibali hakiendelei.

Kwa hiyo nunua taa nzima ya LED iliyosanifiwa hivyo na yenye kibali. Kwa taa ya nanga, ambayo ni nyeupe pande zote, balbu ya kubadilishia haina madhara makubwa hivyo ilmradi mwanga wake utoshe.

Kuna la pili. Baadhi ya taa za LED zina kifaa cha kurekebisha umeme ambacho hupiga kelele kwenye masafa ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya baharini, na antena yako iko kando yake hapo juu. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili hasa, kwamba taa za LED zinaweza kudhoofisha redio za VHF na mitambo ya AIS, ile inayotambulisha vyombo baharini. Ijaribu kabla mlingoti haujasimama: washa redio kwenye chaneli tulivu, geuza kile kitufe cha kuzuia mchakacho hadi uanze kuusikia kwa mbali, kisha washa taa. Mchakacho ukiongezeka, taa hiyo irudi dukani.

#12 Ngama

Niongezee kuhusu waya wa antena, maana umetajwa mara moja ukapitwa. Ikiwa humo ndani kuna RG-58, ule mwembamba, utoe. Kwa mita 20 unapoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya redio kabla haijafika kwenye antena. RG-213 ni mnene na mzito, lakini kwa urefu huohuo hupoteza takriban theluthi moja.

#13 Mleta mada

Nimeelewa. Swali la mwisho kabla ya kuagiza: nikiwa natembea kwa injini huku tanga likiwa limepandishwa, je, niwashe taa ya rangi tatu pamoja na ile ya katikati? Mwenye boti aliyenitangulia alikuwa ameziunganisha kwenye swichi moja.

#14 Foromali

Hapana, na swichi hiyo itenganishe. Kwa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, boti ikitumia injini inahesabiwa kuwa chombo cha injini hata kama matanga yote yako juu. Chombo cha injini kinaonyesha taa nyeupe ya mlingoti inayotazama mbele kwa pembe ya nyuzi 225, taa za pembeni za nyekundu na kijani kwa nyuzi 112.5 kila moja, na taa nyeupe ya nyuma kwa nyuzi 135. Kwa boti iliyo chini ya mita 12 kama yako, ile nyeupe ya mlingoti inatakiwa iwe juu ya taa za pembeni kwa angalau mita 1. Ukiwasha rangi tatu umeugeuza mpangilio kichwa chini, nyekundu na kijani zikawa juu na nyeupe chini, na nahodha wa meli anayekutazama hatajua wewe ni nani.

Taa ya rangi tatu ni ya boti iliyo chini ya mita 20 inayokwenda kwa matanga peke yake. Ukiwasha injini, unaizima na kuwasha taa za pembeni na ya nyuma zilizo usawa wa sitaha, pamoja na ile ya katikati ya mlingoti. Kwa hiyo hizo za chini nazo zipime, zikiwa zinawaka, kabla hujaridhika.

#15 Mleta mada

Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Mlingoti ulishushwa, ukalazwa juu ya magogo, na nyaya zote zikatoka. Zilikuwa huru isipokuwa mahali pamoja, ambapo bolti inayopita katikati ya mlingoti ilikuwa imezibana. Skrubu za chuma cha pua zilizoshika kikombe cha zamani ziligandamana na alumini kiasi kwamba mbili zilikatika vichwa hata baada ya mafuta na moto. Mpya nimezipaka mafuta mazito kabla ya kuzikaza. Nimepitisha bomba la plastiki kwa ribiti, na ndani yake nyaya za milimita 2.5 za mraba zilizopakwa bati, ingawa kwa taa za LED unene huo si wa lazima. Nilitaka waya usiokatika kirahisi. Kila tundu la kutokea lina pete ya mpira. RG-58 ilikuwemo kweli, nayo imetoka.

Taa ya kwanza ya rangi tatu niliyoinunua ilishindwa jaribio la redio, ikabadilishwa. Ya pili imekaa kimya kabisa. Plagi ya sitaha imeondoka, nyaya zinaingia kwa shingo ya bata, na boksi liko ndani, juu ya kochi.

Jioni tulipousimamisha mlingoti, taa ya rangi tatu na ya nanga ziliwaka mara moja, na kwenye konekta nikapata volti 12.5 taa zikiwa zimewaka huku betri ikisoma 12.6. Taa ya katikati haikuwaka. Nilikaa nikiitazama kwa muda, nikifikiria kiti cha kupandia. Kisha nikafungua boksi na kukuta nimegeuza chanya na hasi kwenye konekta, jambo ambalo balbu ya zamani isingelijali lakini LED inalikataa. Nilibadilishana nyaya kwenye skrubu mbili nikiwa nimeketi kwenye kochi, na ikawaka.